Sadaka Yenye Kutoka Katika Deni



Ibada moja ya shukrani ilituachia ulizo. Familia moja ya kanisa letu ilipokea feza kutoka Uingereza, pahali kijana wao anasoma katika chuo kikuu. Feza zile zilisaidia matanga ya babu, na sehemu ikaletwa mbele ya mazabahu. Sisi wote tulipiga vigelegele. Nyuma ya miezi miwili kijana aliandikia baba yake: “Baba, feza zile hazikuwa zangu. Zilikuwa za banki.”

Wengi walishangaa. Namna gani banki inamupa mutoto feza zisizo zake? Tueleze.

Katika Uingereza mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kufungua konti ya wanafunzi. Anaonyesha kitambulisho, pahali anapoishi, na barua ya kuhakikisha kwamba amepokelewa katika masomo. Kisha anaomba ruhusa ya kutoa feza kupita zile alizoweka. Banki inachunguza namna anavyolipa madeni yake, na mara nyingi inataka awe amekaa katika inchi ile kwa miaka kadhaa. Ikikubali, inamuwekea mupaka: paundi 500, ao 1000, ao kupita. Ndani ya mupaka ule, wakati wa masomo, haimutozi faida hata kidogo.

Jambo lile kwa lenyewe si baya. Kule, mukopo wa serikali kwa wanafunzi unatolewa kwa sehemu tatu kwa mwaka. Mbele sehemu ingine ifike, mutoto anapashwa kula na kulipa nyumba. Hata katika likelemba yetu, mwenye kupokea wa kwanza anakaa na deni la wenzake. Sheria ya Musa ilikataza kumutoza ndugu masikini faida; haikukataza kumukopesha.

Lakini kuna hatari mbili. Ya kwanza ni neno “imekubaliwa”. Mutoto akilisikia, anaona kama amepewa zawadi. Simu yake inamuonyesha feza anazoweza kutumia, na pengine deni lenyewe limehesabiwa ndani. Ya pili ni kwamba masomo yanakwisha. Hapo banki inaanza kupunguza ule mupaka usio na faida. Tangu mwezi wa ine 2020, banki za kule zinapashwa kutoza deni la namna hii kwa kiwango kimoja cha faida, na nyingi ziliweka karibu 40 kwa mia kwa mwaka. Kwa kiwango kile, deni la paundi 1000 likikaa mwaka muzima linazaa karibu paundi 400.

Basi, nani alikosa? Tusikimbilie kumuhukumu kijana. Alisikia babu amekufa, alisikia wajomba wakisema, “Yeye yuko Ulaya.” Angejibu hapana kwa kinywa gani? Sisi ndio tulihesabu feza bila kuuliza zilitoka wapi. Na sisi tunajua kwamba feza inaweza kuonekana na isiwe feza: wazee wanakumbuka Noeli ya 1979, wakati makaratasi ya 5 na ya 10 zaire yaliondolewa, na watu wengi wakabaki na karatasi tupu mikononi.

Mwingine atasema: Mungu anatazama moyo, na kijana alitoa kwa upendo. Ni kweli. Lakini upendo haufuti deni. Tukumbuke mujane aliyekwenda kwa nabii Elisha. Mwenye kumudai alikuwa karibu kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Mafuta yalipoongezeka, nabii hakumuomba sadaka. Alimwambia kwanza alipe deni, kisha yeye na watoto waishi kwa yale yatakayobaki. Mujane alikomboa watoto wake kutoka deni. Sisi tulimuingiza wetu ndani yake, na tukaimba.

Familia ile imeanza kukusanya kidogo kidogo ili kumurudishia kijana, na wengine kati yetu tunasaidia, kwa maana vigelegele vilikuwa vyetu pia.

Toka leo, mbele ya kumushukuru mutoto, tumuulize: “Feza hizi ni zako ao ni za banki?” Akijibu ni za banki, tumwambie zibaki kule. Matanga tutayafanya kwa muhogo tulio nao, na marehemu atazikwa kwa heshima.