Vazi Lililofukiwa Hemani

Soma kwa ajili ya somo hili: Yoshua 7, Kutoka 28:2, Ezekieli 16:10–15, Ufunuo 18:11–13, Hosea 2:15.

Dada mmoja wa Buswelu, fundi cherehani, aliijua hariri kwa vidole. Alikuwa akipanda daladala hadi Mlango Mmoja, anainama kwenye rundo la mitumba na kupapasa mitandio bila hata kuitazama. Akiupata unaoteleza na kuwa baridi mkononi, alichomoa uzi mmoja pembeni na kuuchoma kwa kiberiti. Uzi ukinuka kama nywele zilizoungua na kubaki majivu laini, hiyo ni hariri. Ukiyeyuka na kuganda kama kitone, ni nailoni au mfano wake. Kwa njia hiyo alipata mitandio minne ya hariri halisi, kwa shilingi 2,000 au 3,000 kila mmoja. Aliivaa kanisani, ikampendeza.

Katika hilo hakuna aliyekosewa. Ni vema kulisema mapema, maana yapo madarasa yanayokimbilia 1 Petro 3:3 na kulimaliza somo kabla ya dakika ya tano. Mungu ndiye aliyeagiza mavazi ya Haruni yawe ya utukufu na uzuri. Katika Ezekieli 16, Bwana mwenyewe anauvika Yerusalemu hariri kama mtu anayempamba bibi arusi. Ubaya unaanza katika fungu la 15, pale uzuri aliopewa unapogeuka kuwa kitu cha kutumainiwa. Wala kupenda kitambaa kizuri si jambo lililoletwa na simu. Neno leso lina asili ya Kireno, na kanga za kwanza za Unguja na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, zilitokana na leso za mraba zilizounganishwa kwa sindano.

Kwenye simu dada huyu alikutana na mitandio ya Hermès wa Paris. Alisoma kwamba kampuni hiyo ilianza mwaka 1837 kwa kutengeneza hatamu za farasi, ikatoa mtandio wake wa kwanza wa hariri mwaka 1937. Kwamba ule unaojulikana zaidi una sentimita 90 kila upande. Kwamba kila rangi huchapwa peke yake, na pindo huviringishwa na kushonwa kwa mkono. Mtu anayepinda sketi za shule kutwa nzima ataelewa kwa nini lile pindo lilimnyima usingizi. Dukani mtandio kama huo unapita shilingi 1,000,000. Muuzaji mmoja wa mtandaoni alikuwa nao, umeshatumika, kwa 650,000.

Fedha hiyo ilikuwepo. Ilikuwa mgao wa kikoba wa Desemba, ambao yeye na mumewe, dereva wa bodaboda, waliuchangia mwaka mzima ili wanunue mashine ya overloki. Mume alipouliza, alijibiwa kwamba mweka hazina wa kikoba hajatoa mgao.

Sasa rudi Yoshua 7:21. Angalia hatua za Akani: aliona, akatamani, akatwaa, akaficha. Katika vitu alivyovitaja, vazi la Babeli linatangulia fedha na dhahabu. Lakini vazi lililofukiwa chini ya hema halivaliki. Akani hakulivaa hata siku moja. Mtandio wa Buswelu nao ulikaa sandukuni, umefungwa ndani ya kanga, kwa sababu kila mahali ambapo ungeonekana palikuwa na mtu ambaye angeuliza. Yeye aliutoa usiku, mume akiwa barabarani, akaushika kidogo na kuurudisha.

Soma pia fungu la 5. Watu thelathini na sita walikufa Ai, na hakuna dalili kwamba hata mmoja wao alijua habari za vazi lile. Je, ni nani waliokuwa wakilipa gharama ya mtandio wa Buswelu?

Mweka hazina alikuwa mama mtu mzima, mshiriki wa kanisa lile lile. Mume aliacha kumsalimia. Aliwaambia madereva wenzake kijiweni, nao wakawaambia wake zao, na kufikia Februari wanawake watatu walikuwa wamejitoa katika kikoba. Katika Ufunuo 18 shehena ya Babeli inaanza na dhahabu, inapita kwenye hariri, na inaishia na wanadamu wenyewe. Watu huona mwisho wa orodha ile ni wa kutisha mno usiwahusu. Hapa lilikuwa limeshauzwa jina la mama mmoja.

Sabato moja mama yule hakuja kanisani. Jioni dada akaenda kwake, akamweleza yote akiwa amesimama mlangoni. Mama alinyamaza kwa muda mrefu.

“Mwanangu,” akasema, “mimi sitamwambia mumeo. Utamwambia wewe. Ila nitakuja tukae wote.”

“Hapana, mama. Akikuona atadhani tumepanga.”

Usiku ule alifungua sanduku mbele ya mumewe. Mume aliugusa mtandio, akauliza bei, akauliza tena. Hakupaza sauti. Alichukua ufunguo wa pikipiki, akaenda nyumbani kwa mweka hazina, akabisha hodi ingawa ilikuwa yapata saa tano.

Maswali ya Kujadili

1. Yoshua alimwita Akani “mwanangu” (fungu la 19), lakini baada ya kura kumwangukia. Kati ya usiku wa kuficha na asubuhi ya kura, Akani alikuwa na nafasi ngapi za kusema?

2. Kijiwe kizima kilisikia uongo. Ni nani anapaswa kwenda kijiweni kuusahihisha, mke au mume?

3. Hosea 2:15 inalitaja bonde la Akori, mahali pa hukumu ile, kuwa mlango wa tumaini. Mtandio bado upo. Dada anataka kuuza, lakini anayeutaka ni rafiki yake, ambaye naye atatumia fedha ya kikoba. Darasa lenu lingemshauri nini?