Mzinga Umebaki, Ndege Imekwenda

Tarehe 25 Aprili 1915 rubani wa Kiingereza, John Cull, aliruka juu ya delta ya Rufiji akaipiga picha manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye mikoko baada ya kuizamisha Pegasus bandarini Zanzibar. Picha za angani za manowari ile tunazo hadi leo. Ndege zilizozipiga hatunazo.

Zilikuwa ndege za mbao na kitambaa, na joto la pwani yetu lilizishinda. Gundi iliachia, mbao zikapinda, nyingine zikashindwa hata kunyanyuka majini. Zilizoletwa baadaye zilirukia Mafia, kwenye uwanja uliofyekwa kwa ajili yao. Tarehe 11 Julai, Cull na mwenzake Arnold walikuwa angani wakizielekeza shabaha meli mbili za Kiingereza ndege yao ilipopigwa. Arnold aliendelea kutuma masahihisho kwa simu ya upepo huku wanashuka, mpaka wakaangukia mtoni. Walipona wote wawili. Siku hiyohiyo Wajerumani waliilipua manowari yao wenyewe.

Mizinga yake 10 iliopolewa, ikafungwa magurudumu, ikapigana nchi kavu. Mmoja ulikuwa hapa Bagamoyo Waingereza walipotua tarehe 15 Agosti 1916. Mwingine uko Fort Jesus, Mombasa. Nimeupitishia kiganja: chuma kinene. Chuma cha namna hiyo kinahimili chumvi, ndege haihimili. Hata hizi za aluminiamu, zikiachwa karibu na bahari, huota unga mweupe kuzunguka ribiti, na ukiufuta unakuta chini yake vitundu. Sisi tunaoezeka bati ufukweni hatuhitaji mtaalamu wa kutueleza hayo.

Bagamoyo hatujaogopa kutunza vitu vinavyouma. Boma la Wajerumani, kituo cha misafara, makumbusho ya misheni iliyoanzishwa 1868: huko kote wageni huoneshwa habari za utumwa na utawala wa mabavu bila kuficha. Ndiyo maana naona tunadaiwa jambo moja kuhusu vita iliyo karibu zaidi, Vita vya Kagera. Ndege za Idi Amin wa Uganda ziliipiga Bukoba kwa mabomu. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyomuunga mkono Amin, iliilenga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Mwezi uliofuata majeshi yetu yalizikamata MiG-21 za Amin uwanjani Entebbe. Hiyo ni historia yetu kwa damu, na mitambo yake, popote ilipo, inastahili paa, maji baridi ya kuisuuza chumvi, na kamera.

Nasema kamera kwa makusudi, lakini siyo ya kupigia picha mtu akiwa ameegemea bawa. Kamera ya kumbukumbu huipiga ndege pande zote, asubuhi kabla jua halijawa kali, rula ikiwa pembeni ili ukubwa ujulikane. Huingia chumba cha rubani, husogelea namba iliyogongwa kwenye injini, na kiraka kilichoziba tundu la risasi. Kiraka hasa. Rangi mpya ikipakwa juu yake bila kupigwa picha, ushahidi huo umekwisha, na wapo wanaoliita jambo hilo ukarabati.

Halafu yapo majina. Cull na Arnold tunawajua. Waliofyeka uwanja wa Mafia, na wapagazi waliokufa njiani kwa maelfu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, karibu wote hatuwajui. Mwaka 1979 si mbali kiasi hicho. Fundi aliyekuwa na miaka 25 wakati ule sasa amepita 70, na bado anakumbuka nani alishika spana, nani alijaza mafuta, nani aliondoka asirudi. Kijana mwenye simu na babu wa namna hiyo nyumbani amwombe albamu, aipige picha kila karatasi mbele na nyuma, na amuulize kila sura ni ya nani, mtoto wa nani, alitoka kijiji gani.