Macho ya Mgeni na Mlango wa Kwetu

Wahenga wametuachia methali isemayo, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Aghalabu tunaielewa kwa tumbo: siku ya mgeni huchinjwa kuku, na wenyeji nao wakapata mchuzi ambao siku hiyo wasingeuonja. Lakini kupona ni neno la mgonjwa, nami nimekuwa nikijiuliza, tangu kunifika kisa nitakachokisimulia hapa, mwenyeji huumwa nini hata dawa yake iwe mgeni.

Nimezaliwa Bagamoyo, katika nyumba ya mawe ya babu yangu mzaa baba, si mbali na pwani. Mlango wake wa mbele ni wa mti uliochongwa. Juu una maua, na kwenye miimo umezungushwa nakshi ya mnyororo. Nimeupita mlango huo nikienda chuoni na msahafu kifuani, nikienda shule, nikikimbilia baharini maji yakijaa, nikirudi makaburini. Sikumbuki hata siku moja niliyosimama nikautazama.

Miaka michache iliyopita alikuja mgeni, mwanamke wa makamo kutoka Ujerumani, rafiki wa rafiki yangu, nikaombwa nimtembeze. Nikampeleka wanakopelekwa wote. Tulikwenda Kaole, kwenye magofu ya misikiti na makaburi ya nguzo. Tukenda misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako mwili wa Livingstone ulipokelewa Februari 1874 baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka bara kwa miezi mingi. Hapo misheni pana mbuyu uliomeza mnyororo. Kipande kidogo tu cha chuma ndicho kinachochungulia nje ya gome. Mgeni wangu alikishika, akanyamaza, macho yakamlenga machozi. Nikaona si haki kumwacha hivyo. Nikamweleza kuwa mnyororo ule, kwa wanavyosimulia pale, uliwekwa na bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akiwatibu wagonjwa, naye alikuwa akifungia punda wake. Akanitazama kama mtu aliyepunjwa chenji.

Hapo ndipo nilipotambua kuwa mgeni haji na macho matupu. Huja na Bagamoyo yake, aliyokwisha kuijenga kwa vitabu. Hata jina la mji amekwisha kufasiriwa. Wako wasemao kuwa "bwaga moyo" ni kilio cha mtumwa aliyekata tamaa alipoiona bahari; na wako wasemao ni faraja ya mpagazi aliyefika mwisho wa safari, akatua mzigo na moyo ukatulia. Wapagazi hao, Wanyamwezi na wengineo, walikuwa wakishuka hapa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao walikuwa watu huru wa kulipwa ujira. Wageni hupenda tafsiri ya kwanza, nasi, kwa adabu ya mwenyeji na pengine kwa bakshishi, tumewakubalia. Mwaka 2006 njia ya misafara iliyokuwa ikiishia kwetu iliandikwa katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia kwa jina la biashara ya watumwa na pembe. Sisemi kuwa utumwa haukuwapo. Ulikuwapo, na aibu yake sisi watu wa pwani hatujaitua. Lakini ninyi wasomaji wa Unguja, ambao Mji Mkongwe wenu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, bila shaka mnaifahamu hali ya kuishi ndani ya kitu ambacho mtu mwingine amekwisha kukiandikia maelezo.

(Historia yetu inaye hata mgeni aliyeponzwa na macho yake. Desemba 1889 Emin Pasha, mtu wa macho dhaifu mno, alifika Bagamoyo kutoka bara pamoja na Stanley. Usiku huo huo wa karamu waliyoandaliwa na Wajerumani alianguka kutoka ghorofani akapasuka kichwa. Alipona.)

Tuliporudi nyumbani, mgeni alisimama mbele ya mlango wetu. Alisimama muda mrefu. Akaipapasa nakshi kwa kidole, kisha akaniuliza mnyororo ule una maana gani. Mimi, mwana wa nyumba, sikuwa na jibu. Na kwa kuwa nilikwisha kumvunja moyo kule mbuyuni, nikamwambia kuwa mnyororo ni alama ya nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa. Akatoa daftari akaandika.

Shangazi yangu alikuwa amekaa barazani. Kiingereza hakijui, lakini uso wangu anaujua. Mgeni alipokwenda zake akaniuliza, "Umemwambia nini yule?" Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, nyumba hii imejengwa enzi za Mwingereza. Babu yako alikuwa muuza papa na ng'onda. Huyo mtumwa alimuuza lini, na alimuuzia nani?"

Kisha akaanza kunieleza mlango. Maana ya nakshi hata yeye haijui. Anachojua ni kuwa siku zote hufunguliwa upande mmoja, na pande zote mbili hufunguliwa kwa mambo mawili tu, harusi na jeneza. Alinihesabia majeneza sita, kwa majina na kwa misimu, lipi lilitoka kwenye kaskazi na lipi wakati wa masika. "Na mimi nilitolewa hapa nikaolewa," akasema, "nikarudi hapa na talaka yangu, nikafunguliwa upande mmoja." Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akashangaa. Nani humsimulia mtu nyumba anayolala?

Nadhani ugonjwa wa mwenyeji ni huo. Si kwamba haupendi mji wake, bali hapana amuulizaye, na asiyeulizwa huenda akafika uzeeni hajapata kuyatafutia maneno yale ayajuayo. Macho ya mgeni hayaoni zaidi ya yetu. Mara nyingi huona kidogo, tena kwa kupotoka. Alichonacho mgeni ni ujinga wake, na haya hana.

Mfano mkubwa tunao hapa hapa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mjerumani Carl Velten alitaka kujua mambo ya Waswahili, na Mtoro akayaandika. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotoka mwaka 1903 kwa jina la Velten, kwa sehemu kubwa kimetokana na kalamu yake. Mtu akifungua kitabu hicho akitafuta magofu, hayapati. Atapata mimba na uzazi, jando na unyago, ngoma, mahari, uganga, utumwa pia, na namna maiti anavyooshwa na kuzikwa. Ni mji wa Shangazi yangu, si mji wa daftari la mgeni wangu. Lau Mtoro angebaki kwao, nani angemtaka aeleze mtoto anavyopewa jina? Swali lilikuwa la mgeni. Kuchagua cha kujibu kukabaki kwa mwenyeji, walau kwa kiasi alichoachiwa.

Naye alilipia ghali. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka uliofuata, alipotaka kurudi naye Afrika Mashariki, wakuu wa koloni waliwazuia. Akarudi Ujerumani, na mwaka 1927 akafia Berlin. Aliyetuandikia Bagamoyo hakuruhusiwa kuja kuishi humo na mkewe. Kila nikikumbuka hayo huona haya kwa uongo wangu wa mlangoni, kwani mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na wa kumuuliza alikuwa hatua tatu kutoka nilipo.

Mwaka uliofuata mtoto wa ami yangu alileta mnunuzi wa milango. Paa linavuja, warithi ni wengi, na fedha aliyoitaja si ya kudharau. "Hata Wazungu wanaupiga picha," alisema. Nilikasirika, kisha hasira ikanifia, maana niliona kuwa sisi wawili tumefundishwa na mwalimu mmoja. Yeye kajifunza kwa mgeni kuwa mlango una bei, na mimi nimejifunza kwa mgeni huyo huyo kuwa ni mzuri. Shangazi peke yake ndiye aliyekuwa akiujua kabla. Akamjibu, "Yule alichukua picha, mlango akatuachia. Huyu wako anataka kutuachia picha, mlango auchukue." Mnunuzi akaondoka. Paa bado linavuja, na sina hakika kuwa hatarudi.

Nimemwandikia mgeni wangu kumtaka radhi, nikamweleza habari za papa, za majeneza sita na za upande mmoja wa mlango. Alijibu upesi, bila ya kulaumu. Aliuliza jina la fundi aliyeuchonga. Shangazi hamjui. Nimekwisha kuwauliza wazee watatu hapa mjini. Wa nne yuko Kaole, na nitakwenda Ijumaa baada ya sala.