Shahidi wa Kifuani

Mchimba dhahabu wa Macalder, katika Kaunti ya Migori, aweza kuuona ufa katika ukuta wa shimo akatoka kabla halijamfukia. Lakini katika vilima vya Ruri, Homa Bay, mawe yenye thoriamu hutoa mionzi ya asili iliyozidi kiwango cha kawaida, wala mchungaji apitaye hapo haoni, hasikii, wala hanusi kitu. Hatari moja hutangaza kufika kwake. Nyingine huja kimya.

Hatari hiyo ya kimya ndiyo aishiyo nayo kazini mtumishi wa hospitali atumiaye dawa zenye mionzi kutafutia maradhi mwilini. Hufundishwa kinga tatu: kufanya kazi upesi, kukaa mbali, na kuweka risasi kati yake na dawa. Umbali ukizidi mara mbili, mionzi impatayo hupungua hadi robo. Tena huvaa kifuani kipimo kidogo, kisomwacho kila baada ya muda uliowekwa. Kanuni za kimataifa humruhusu wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka katika miaka 5, wala zisipite 50 katika mwaka mmoja. Marie Curie, aliyegundua radiamu pamoja na mumewe mwaka 1898, hakuwa na kipimo kama hicho. Alifariki mwaka 1934 kwa maradhi ya damu yanayodhaniwa kuletwa na mionzi.

Lakini kipimo si ngao. Hakizuii mionzi hata chembe. Ni shahidi tu. Hapo ndipo swali letu linapozaliwa. Mtumishi aonapo hesabu yake inakaribia mpaka, huogopa kuondolewa kazini, naye ana watoto wa kusomesha. Akikiacha kipimo katika mtoto wa meza, nani atajua? Labda utasema: mwili ni wake, na hiari ni yake.

Mimi siwezi kukubali. Kipimo kilicholala mezani husema kweli juu ya meza, na uongo juu ya mtu. Uongo huo haukai kwake peke yake. Ikiwa kinga ya risasi ina kasoro, au dawa imemwagika, hesabu iliyopanda yaweza kuwa onyo la kwanza kwa wenzake. Anyamazishaye kipimo chake amewaziba masikio wote wafanyao kazi chumbani humo.

Hata hivyo, haki ina pande mbili. Mwajiri amwadhibuye msema kweli huwafundisha wengine kuficha. Hesabu ikipanda, na atafute kasoro ya kazi kabla ya kutafuta mtu wa kulaumu.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe nawe, mwanafunzi, utapewa siku moja kazi isiyo na msimamizi wa kukutazama. Siku hiyo usiulize nani atajua. Uliza nani ataumia.