Uso wa Simuni na Uso wa Nyumbani



Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wazee wetu hawakulijua, lakini limeshaingia vyumbani mwetu. Mtu anaketi usiku na simu yake, anazungumza mubashara na watu mia mbili, na hakuna hata mmoja anayeuona uso wake. Wanachoona ni sura ya kuchorwa, inayopepesa macho anapopepesa na kufungua kinywa anapofungua. Sura hiyo huitwa avata. Mtindo huu ulivuma kutoka Japani, hasa tangu mwaka 2016, alipojitokeza kwenye YouTube msichana wa kuchorwa aitwaye Kizuna AI. Wakati huo ilihitajika kazi ya wachoraji na mafundi. Sasa kuna programu ambayo unaipa picha yako moja tu, nayo inapima macho, pua, mdomo na taya, inakutengenezea sura inayofanana nawe, kisha kamera ya simu inafuata uso wako na kuiendesha sura hiyo.

Je, mwenye ndoa akifanya hivyo anamdanganya mtu? Na kama anadanganya, ni nani anayedanganywa?

Tuseme kuna mke aliyeungua shavuni kwa mafuta ya moto miaka mingi iliyopita. Alama ilibaki. Yeye ni hodari wa kusimulia hadithi, na jioni watoto wakilala huwasimulia watazamaji kwa njia ya simu. Anatumia avata aliyotengenezewa kutokana na picha yake. Programu ililainisha ngozi ikafuta ile alama, naye hakuirudisha. Mumewe hana habari, mpaka siku jirani anapomwonyesha. Anarudi nyumbani, wala hagombi. Anauliza tu, “Mama watoto, alama yako umeipeleka wapi?” Mke anajibu, “Baba, watu wa huko hawanijui.”

Wengi wetu tungeharakisha kumhukumu mama huyu. Mimi nasema tusiharakishe. Tulisikiliza watangazaji wa redio kwa miaka mingi bila kuziona nyuso zao, na hatukuwaita waongo. Anayetazama avata anajua kwamba anatazama mchoro. Mambo ni tofauti mtu anapotumia filta ili uso wa uongo uaminike kuwa wa kweli. Mwaka 2019 huko China, mama mmoja wa makamo aliyekuwa akijulikana kwa sura ya msichana alionekana mubashara bila filta yake, na watazamaji wakashtuka. Baadaye kampuni iliyorusha kipindi ilimfungia, ikisema kwamba tukio lenyewe alilipanga. Hapo palikuwa na watu walioamini. Kwa mke wetu huyu hakuna mtazamaji aliyedanganywa.

Hata Kanisa halikuliogopa neno la barakoa. Neno la Kilatini persona, ambalo katika katekisimu tunalisema kwa Kiswahili Nafsi, kwa Warumi lilikuwa pia jina la kinyago cha mchezaji jukwaani. Basi kuvaa uso mwingine mbele ya watu si dhambi kwa sababu tu ni uso mwingine.

Lakini yuko mume ninayemwonea mashaka zaidi. Huyu alitafuta picha yake nzuri kuliko zote, akaona ni ile ya harusi, akaikata katikati ili bibi yake abaki nje, ndipo akaipa programu. Avata yake ni ya kijana asiye na pete, na anaongea na watu kama kijana asiye na pete. Kwa huyo sina maneno mengi. Mchoro haukumfundisha jambo ambalo hakulitaka.

(Na picha ikishatoka mikononi mwako, kuirudisha ni kazi. Mnakumbuka mwaka 2023 watu walivyopanga foleni Nairobi ili Worldcoin ipige picha za mboni za macho yao. Serikali ilisimamisha zoezi hilo Agosti mwaka huo, lakini ilikuwa Mei 2025 ndipo Mahakama Kuu ilipoamuru data hizo zifutwe. Kwa hiyo usipeleke sura ya mwenzako wala ya watoto bila mapatano.)

Turudi kwa mke wetu. Kinachomuuma mumewe ni nini? Yeye ndiye aliyempeleka hospitali usiku ule. Ndiye aliyembadilishia bandeji, na siku bandeji ilipoondolewa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitazama shavu lile. Kwake, ile alama ni sehemu ya ndoa yao. Anapoona imefutwa, anajiona na yeye amefutwa, na mbaya zaidi, ameyajua hayo kutoka kwa jirani. Deni la mke liko hapo. Angemwambia mapema, pengine wangecheka pamoja.

Lakini mume naye ajiulize ni lini mara ya mwisho alipolitazama shavu hilo akasema neno. Nje ya nyumba mke wake hutazamwa kila siku, na macho ya watu si ya huruma. Saa moja ya jioni bila kutazamwa hivyo ni pumziko. Kumnyima pumziko hilo kwa kisingizio cha ukweli ni ukatili.

Liko jambo moja ambalo kila mwenye avata angepaswa kulijua. Sura hiyo huonyesha tu yale iliyotengenezwa kuonyesha. Ikiwa imewekewa tabasamu na mshangao, bila huzuni wala machozi, basi mwenye nayo akilia, yenyewe itapepesa macho na kuendelea. Mama huyu anaweza kusimulia hadithi siku aliyopata habari za msiba, sauti ikatetemeka, na watazamaji wakazidi kumtumia mioyo na maua. Anayeisikia sauti imebadilika ni mumewe, aliye upande wa pili wa pazia na kikombe chake cha chai. Jioni ya namna hiyo asisubiri kipindi kiishe. Aingie.

Kuhusu alama, programu nyingi zinakuruhusu kuibadilisha sura baadaye. Wakae wawili na simu moja, waifungue, wazungumze. Huenda mke akairudisha, huenda asiirudishe. Mume asimlazimishe, maana si yeye anayekodolewa macho ndani ya matatu.