Sauti Tunazojifanya Hatuzisikii

Katika grupu ya WhatsApp ya ploti yetu, makosa yana daraja zake. La kwanza ni wufa. La pili ni maji: yakija Jumanne na Ijumaa, kuna mtu huamka saa kumi alfajiri akajaza mitungi kumi na miwili kabla wengine hawajapata slipasi zao. La tatu ni nguo za floo ya tano zinazodondoshea maji nguo za floo ya nne ambazo zilikuwa karibu kukauka. Halafu kuna takataka za kwa ngazi, viatu vya kwa korido, na yule anayekaanga omena mlango ukiwa wazi. Haya yote huandikwa, hupigwa picha, na mkosaji hutafutwa mpaka usiku wa manane. Lakini kuna kosa moja ambalo tangu nihamie hapa, miaka mitatu sasa, sijaliona limeandikwa kwa grupu hata mara moja. Ni mtu kumpiga mtu.

Sisemi halipo. Nasema haliandikwi. Na nataka tuulizane kwa nini, maana sidhani jibu ni kwamba sisi ni watu wabaya.

Tuanze na nyumba yenyewe. Naishi Pipeline, Embakasi, kwa zile nyumba za floo saba na nane zilizobanana hadi ukinyoosha mkono dirishani unakaribia kumsalimia mtu wa jengo lingine. Kati ya kitanda changu na kitanda cha jirani kuna jiwe moja na plasta nyembamba. Mimi huandika kwa malipo nikiwa nyumbani, makala za watu wa mbali kuhusu kutunza bustani ambazo sitawahi kuziona. Chuo niliacha mwaka wa tatu, karo iliposhinda. Kwa hivyo nashinda hapa mchana kutwa, na majirani wengi niliwajua kwa sauti kabla ya kuwajua kwa sura. Najua nani anakohoa, nani anaomba saa kumi na moja, nani anadaiwa na anamdanganya mwenye deni kwamba yuko Machakos.

Kwa sheria, ploti nzima tungeshtakiwa. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zinasema ndani ya makazi kelele isizidi desibeli 45 mchana na 35 usiku, na usiku huo unaanza saa mbili na dakika moja. Desibeli 35 ni juu kidogo tu ya mnong'ono. Hapa kwetu kufungua mkebe wa sukari ni uhalifu. Aliyeandika kanuni hizo lazima alikuwa na nyumba yenye ua.

Ndiyo maana nina shaka kidogo na neno "jirani mbaya." Mara nyingi tunamwita mtu mbaya kwa kosa la mjengo. Mtoto kukimbia chumbani si uovu. Ni mtoto, na hana pengine pa kukimbilia. Mama kuanika nguo mahali zinapodondokea za wenzake si dharau. Kamba ni mbili na familia ni nane. Hata yule wa mitungi kumi na miwili, ukimuuliza, atakwambia kuna wiki Ijumaa maji hayakuja na alikuwa na mtoto mchanga anayeharisha. Aliyepunguza unene wa ukuta, aliyeweka tangi moja dogo, hayuko kwa grupu. Anapokea kodi tarehe tano akiwa mahali kwenye miti, na sisi tunabaki kutafunana.

Lakini si kila kitu ni mjengo, na hapa ndipo mambo yanapoanza kuwa magumu.

Mwaka wa kwanza chuoni tulifundishwa John Stuart Mill, yule Mwingereza ambaye mwaka 1859 alichapisha kitabu kuhusu uhuru. Wazo lake, kwa kifupi, ni kwamba jamii haina ruhusa ya kumlazimisha mtu mzima isipokuwa kumzuia asimdhuru mwingine. Kukuchukiza peke yake hakutoshi. Niliacha chuo lakini Mill hakuniacha, kwa sababu naishi mahali ambapo kila siku lazima uamue: hii ni kero ama ni madhara? Wufa ya Jumapili ni kero. Omena ni kero. Kesha ya sala ya floo ya pili, mola anisamehe, ni kero. Kofi si kero.

Ukisema hivyo, kila mtu anakubali. Mbona basi kero tunaipigia kelele na madhara tunayanyamazia?

Jibu langu ni hili. Watu wanaoishi kwa kuta nyembamba hujenga ukuta wa pili, na ukuta huo hujengwa kwa adabu. Unamsikia jirani akilia usiku kwa sababu amefutwa kazi, na asubuhi unamwambia "sasa?" kama siku zote. Unawasikia wawili wakipendana, na mkikutana kwa ngazi unatazama simu. Unasikia mtu akimwomba Mungu mambo ambayo hangemwambia binadamu. Kujifanya hukusikia ni zawadi tunayopeana, na bila zawadi hiyo hakuna ambaye angeweza kuishi hapa na heshima yake. Mtu wa nje anaweza kuona ni ubaridi wa mjini. Mimi naona ni wema, tena wa hali ya juu, maana hauna shukrani wala shahidi.

Shida ya ukuta ni kwamba hauchagui nani wa kumkinga. Yeyote anaweza kujificha nyuma yake.

Na lugha yetu imeupa ukuta huo nguzo. Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Wakipatana, shika kapu ukavune. Nimeisikia methali hii ikitumiwa tangu utotoni, karibu kila mara na mtu anayetaka wengine warudi kulala. Ni methali yenye busara kwa ndugu wawili wanaogombania shamba, wenye nguvu sawa na sauti sawa. Lakini mtu mmoja akiwa anapiga na mwingine anapigwa, huo si ugomvi wa ndugu. Na hapa Pipeline hakuna shamba la kwenda kulima. Utashika jembe uende wapi? Utabaki palepale, sikio ukutani.

Mwaka jana, usiku wa katikati ya wiki, ilianza kwa floo ya nne. Kwanza sauti ya mwanamume, halafu kitu kikianguka, halafu ile sauti ambayo ukiisikia mara moja huhitaji kuelezwa, na watoto wawili wakilia pamoja. Nilitoka kwa korido. Milango mitatu ilikuwa imefunguka kidogo, kila mmoja na jicho. Nilimpigia keateka. Akanijibu bila haraka kwamba kazi yake ni kodi, funguo na tokeni za stima, "hiyo ingine ni stori ya mume na bibi yake." Wakati bado namsihi, Mama Mboga, anayeishi floo ya chini na kuuza sukuma hapo kwa geti, alikuwa tayari anapanda ngazi na leso kichwani na bakuli mkononi. Nikamfuata. Akabisha. Kimya. Akabisha tena.

"Baba nanii, samahani kukusumbua usiku. Naomba chumvi kidogo tu."

Ilikuwa saa tano na robo. Mlango ulifunguliwa. Jamaa alisimama pale akihema, na Mama Mboga akaanza kumwelezea, pole pole, jinsi duka lilivyofungwa mapema na maharagwe yake yako motoni. Akauliza watoto wako aje. Akasema huyu mdogo anaonekana ana homa, hebu alale kwangu leo na dadake, nitawaleta asubuhi. Na mama yao pia aje anisaidie kumshika. Hakutaja kofi. Hakusema "tumesikia." Alitoka pale na watu watatu na chumvi ndani ya bakuli.

Siku mbili baadaye nilisikia watu kwa ngazi wakisema yule mama ana kiherehere, anaingilia manyumba za watu. Hakuna aliyesema hivyo kuhusu wale wanaopiga picha nguo za wengine na kuziweka kwa grupu.

Nimefikiria ile chumvi mara nyingi, kwa sababu inajibu pingamizi ambalo mimi mwenyewe naliheshimu: kwamba mtu wa nje hajui kilicho ndani ya ndoa ya wengine, na hana mamlaka ya kuhukumu. Ni kweli. Lakini Mama Mboga hakuhukumu. Hakuamua nani alianza, hakushauri watu waachane, hakuitisha kikao. Alichofanya ni kumwondolea yule mwanamume kitu kimoja: uhakika kwamba hakuna atakayekuja. Anayepiga mtu kwa nyumba kama zetu anajua vizuri ukuta ni mwembamba. Hategemei ukuta. Anatutegemea sisi.

Kwa hivyo kipimo changu siku hizi si ukubwa wa sauti. Wala si swali la kama mwenye sauti angependa nisikie, maana hata anayepigwa mara nyingi hutamani usisikie. Aibu humbana yeye badala ya kumbana anayestahili. Najiuliza: kimya changu kinamlinda nani? Nikijifanya sikusikia jirani akilia, akiomba au akidanganya mwenye deni, kimya kinamlinda aliyesikika. Hapo ninyamaze. Nikijifanya sikusikia kofi, kimya kinamlinda aliyepiga. Hapo adabu imekwisha, imekuwa kazi ninayomfanyia mtu mwingine bure.

Na wufa je? Wufa haina siri ya kulindwa, kwa hivyo haihitaji kimya. Inahitaji mtu aende aseme. Na namna ya kusema ina uzito kuliko tunavyodhani. Jirani wangu wa ukutani hufanya kazi ya usiku Industrial Area, na Jumapili ndiyo siku yake ya pekee ya kusikia muziki akiwa macho. Nililijua hilo kwa sababu nilibisha nikauliza. Tulikubaliana saa nne usiku, basi. Mara nyingine inapita kidogo, nagonga ukuta mara mbili, anapunguza. Ilipotokea tena kule floo ya nne, wiki chache baadaye, tulikuwa wanne pale mlangoni, na yeye alikuwa mmoja wetu. Ningekuwa nimemtukana kwa grupu, sijui kama angetoka.

Hilo ndilo ninaloona tunapoteza tunapogeuza kila kero kuwa vita. Mama Mboga aliweza kuomba chumvi saa tano usiku kwa sababu amewakopesha watu wa ploti hii sukuma miaka yote, anajua watoto kwa majina, anajua nani ana pumu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini hata ya karibu haifai kama hukuwahi kuishika. Mwaka 2013 serikali ilituletea Nyumba Kumi, wazo lililotoka kwa majirani zetu Watanzania, ili tujuane kwa ajili ya usalama. Hapa kwetu tulilielewa kama kumchunguza mgeni: nani amehamia, ana mabegi mangapi. Lakini Januari 27, 2024, wanawake walipojaa barabara za Nairobi na miji mingine wakisema wacheni kutuua, hawakuwa wanazungumza juu ya wageni peke yao. Walikuwa wanazungumza pia juu ya waume na wapenzi, nyuma ya milango kama yetu.

Sitaki kudanganya mtu kwamba kubisha hodi ni rahisi. Unaweza kutukanwa. Unaweza kupigwa. Anayepigwa anaweza kukuambia urudi kwako, na asubuhi asikusalimie. Ndiyo maana usiende peke yako, na kama kuna silaha usiende kabisa: piga 1195, haina malipo, mchana na usiku, na uwaite polisi. Tangu mwaka 2015 tuna sheria mahususi ya kuwalinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani, kwa hivyo yule keateka na "stori ya mume na bibi yake" amechelewa, hata kisheria.

Familia ya floo ya nne ilihama mwezi wa nane. Baba alienda upande wake, mama na watoto wakapanda matatu ya kwenda kwao. Sijui kama yuko salama, na sijui kama walirudiana. Nyumba ilikaa wiki moja tu, ikaingia wapangaji wengine. Wana wufa. Nimeshapanda kuwasalimia, na Mama Mboga ameshajua majina ya watoto wao.