Kiti Kitupu na Sanamu Yenye Macho

Katika lango la mashariki la stupa kubwa ya Sanchi, katikati ya Bara Hindi, amechongwa farasi atokaye mjini usiku. Viumbe wadogo wa mbinguni wameshika kwato zake ili zisitoe mshindo, na mtumishi ameinua mwavuli wa kifalme juu ya mgongo wake. Mgongoni hapana mtu. Farasi huyo amerudiwa tena na tena katika jiwe hilo moja, kila mara akiwa mbali zaidi na mji, mpaka afikapo mbele ya alama za nyayo mbili. Kisha arudi nyumbani, na mwavuli hauko tena juu yake. Aliyempanda ni Siddhartha, mwana wa mfalme, siku alipoacha mke, mtoto na milki ili aitafute njia ya kuyashinda mateso. Kila apitaye langoni alimjua mpandaji, hapana aliyemwona.

Kazi hiyo ni ya karne ya 1 kabla ya Kristo, nayo yazaa maswali mawili. La kwanza ni la zamani: je, yafaa kumpa umbo asiye na umbo? La pili huulizwa kwa nadra, walakini ndilo gumu zaidi: aliyekwisha kumpa umbo, ana deni gani kwa umbo hilo? Lugha ya Kiswahili hulijibu la kwanza kabla halijaulizwa, maana neno sanamu lilitoka katika Kiarabu pamoja na hukumu yake. Yampasa msomaji kuiweka hukumu hiyo kando kwa saa moja, si kwa kuitupa, bali apate kuona watu wengine walivyolipima jambo lile lile.

Wachongaji wa Sanchi hawakuwa waoga wa maumbo. Maandishi ya lango la kusini yasema ya kuwa sehemu ya kazi ilifanywa na wachonga pembe za ndovu wa mji wa Vidisha, na mikono iliyozoea pembe iliyajaza mawe hayo tembo, tausi, majeshi, vijiji, na wanawake walioning'inia katika matawi ya miembe. Kila kitu kimepewa mwili isipokuwa mmoja tu. Buddha ni kiti kitupu chini ya mti, ni gurudumu, ni nyayo. Na kuba lenyewe, ambalo kiini chake ni cha zamani za mfalme Ashoka katika karne ya 3 kabla ya Kristo, halina mlango kwa kuwa halina ndani. Mtu hulizunguka tu kwa miguu, ameliweka upande wake wa kuume.

Mwaka 1990 Susan Huntington alipinga maelezo haya. Alisema kwamba picha nyingi za namna hiyo hazikukusudiwa kumficha Buddha, bali zaonyesha mahali patakatifu palipozuruwa na mahujaji, na hapo kiti kilikuwa kitupu kweli. Hoja yake ina nguvu kwa picha kadha wa kadha, lakini haimwezi farasi wa Sanchi. Mwavuli uliotandazwa juu ya mgongo mtupu si ziara ya mahali popote. Ni heshima apewayo mtu aliyepo.

Katika karne za kwanza baada ya Kristo utupu ule ulijazwa. Kule Gandhara, karibu na Peshawar, Buddha alivikwa joho lenye mikunjo ya Kiyunani. Kule Mathura alichongwa katika jiwe jekundu, mpana wa kifua kama mizimu ya miti iliyoheshimiwa hapo tangu kale. Alfred Foucher alidai kwamba sanamu hiyo ilizaliwa na Wayunani. Ananda Coomaraswamy alimjibu mwaka 1927 kwamba mama yake ni Uhindi. Ugomvi huo wa nasaba ulikuzwa kupita kiasi. Lililo kubwa ni kwamba waumini hawakuridhika kumkumbuka mwalimu; walitaka awatazame. Jambo hili laonekana wazi katika desturi ya kale ya Sri Lanka. Sanamu ya Buddha ikiisha kuchongwa, macho yake hutiwa mwisho, saa iliyochaguliwa kwa nyota, na fundi huyatia akiwa ameipa kisogo sanamu, akitazama katika kioo ili asikutane na mtazamo wake wa kwanza. Kisha hutolewa nje amefungwa macho. Mwalimu aliyefundisha ya kuwa kila kilichoundwa hupita, amepewa macho ambayo fundi mwenyewe ayahofu!

Wahindu walilifikia jambo hilo kwa njia nyingine. Hekalu la Kandariya Mahadeva huko Khajuraho, la karne ya 11, limevikwa nje mamia ya miungu, wachezaji na wapenzi, hata jicho halipati pa kupumzika. Lakini mtu aingiapo ndani, maumbo hupungua na mwanga hufifia, mpaka afike katika chumba kidogo chenye giza kiitwacho tumbo la uzazi. Humo mna nguzo fupi laini ya jiwe, alama ya Shiva, isiyo na uso wala mikono. Chidambaram, kusini, wamekwenda mbali zaidi. Hapo ndipo nyumbani kwa Shiva mcheza ngoma, naye yupo kwa umbo la shaba. Lakini kando yake pana pazia, na pazia likifunuliwa huonekana makoja ya majani ya dhahabu yaliyoning'inizwa mbele ya nafasi tupu. Nafasi hiyo nayo ni Shiva. Basi wasemao kwamba Ubudha ulianza na utupu na Uhindu ukauzamisha katika wingi wa maumbo, hawajasogea hata penye pazia.

Tendo la muumini mbele ya mungu wake katika hekalu huitwa darshan, na Kiswahili chaweza kulisema vizuri kuliko lugha nyingi: ni kuonana. Na aonanaye na mwingine hufungwa na wajibu. Sanamu huogeshwa kwa maziwa na maji, huvikwa nguo, huvumbwa kwa manukato, hulazwa usiku na kuamshwa alfajiri. Hata sheria ilikubali. Mwaka 1925 Baraza la Mfalme huko London, likikata shauri la jamaa moja ya Calcutta, lilisema kwamba sanamu ya ibada ni mtu mbele ya sheria, na mapenzi yake juu ya mahali pa kukaa hayana budi kuheshimiwa.

Mwaka 1976 kibarua mmoja wa kijiji cha Pathur, katika Tamil Nadu, alipokuwa akichimba karibu na gofu la hekalu, aligonga shaba. Ilikuwa sanamu ya Shiva mcheza ngoma, ya zamani za wafalme wa Chola. Ilikuwa imezikwa, kwa maana vitabu vya ibada vya kusini vyaelekeza namna ya kuzika sanamu wakati wa hatari, kama mzazi amfichavyo mwana. Iliuzwa kwa siri, ikavuka bahari, na mwaka 1982 ikanunuliwa na kampuni moja ya Kanada. Polisi wa London wakaikamata. Mwaka 1988 mahakama iliamua, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ikathibitisha, kwamba hekalu lenyewe, ijapokuwa gofu, lilikuwa na haki ya kudai kilicho chake.

Yako ya kusemwa upande wa pili. Hekaluni shaba hiyo hufunikwa nguo na maua hata usoni. Ni katika nyumba ya makumbusho tu ambapo mguu ulioinuliwa na mikono minne huonekana kama fundi alivyoiunda katika nta kabla ya kumimina. Mchongaji Rodin aliisifu sanamu ya namna hiyo kwa kutazama picha zake tu. Na Coomaraswamy, aliyeshikilia maisha yake yote kwamba vitu hivi havikuundwa viwe vya makumbusho, tangu mwaka 1917 alikuwa mtunzaji wao katika nyumba ya makumbusho ya Boston. Hakuwa mnafiki, alikuwa katikati ya haki mbili. Lakini haki hizo si sawa. Mtazamaji wa makumbusho huona bila kuonwa. Huchukua, wala hadaiwi maziwa wala ubani. Naye asemaye kwamba Mungu hana umbo, kwa hiyo umbo si kitu, amempa mwizi udhuru. Waliotunza nafasi tupu ya Chidambaram ndio hao hao waliozika shaba ili isipotee.

Shaba ya Pathur ilirudi Uhindi mwaka ule wa 1991. Haikupelekwa kwanza kijijini kwake, bali Tiruvarur, katika ghala la serikali ambamo sanamu za mahekalu huwekwa kwa maelfu nyuma ya kufuli kwa kuhofia wezi: zimepangwa kwa safu, zina namba, na macho yao yako wazi.